Maana ya "Kila": Juu ya Kuandika Mambo Yanayojirudia katika Hifadhidata, kwa Mfano wa Kliniki ya Mkoba huko Umatengo

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wanajua vema kwamba kitenzi chenye hu- hakisemi lini. Mtu akisema "Muuguzi huja Jumanne", hakutupa tarehe hata moja. Ametupa desturi, nasi ndio tunaopaswa kuzitoa tarehe ndani yake. Kiambishi hiki hakipokei kiambishi cha nafsi wala cha wakati, wala hakina ukanushi wake chenyewe, bali huazima ule wa "haji". Tena desturi iliyosemwa kwa hu- haivunjwi na siku moja ya kukosekana: muuguzi asipofika Jumanne hii kwa sababu ya matope, sentensi yetu ingali kweli.

Siku hizi desturi za namna hii haziandikwi ukutani na katika madaftari tu, bali katika mashine pia; na mashine haina hu-. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi jambo linalojirudia linavyoweza kuandikwa katika hifadhidata ya kimahusiano na kuulizwa humo, na kuonyesha kwamba sehemu iliyo ngumu ya kazi hiyo si ya fundi wa kompyuta bali ni yetu sisi wenye lugha. Mfano nitautoa Maguu, kata ya Wilaya ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, kwa sababu ndiko nilikoona jambo hili likimgharimu mtu.

Hifadhidata ya kimahusiano ni fikra ya Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, naye aliitangaza mwaka 1970. Kwa ufupi, habari huwekwa katika majedwali. Kila mstari wa jedwali wasema jambo moja lililo kweli, na kila safu yataja sifa moja ya jambo hilo. Jedwali moja huhusishwa na jingine kwa namba au jina lililomo katika yote mawili. Mtu akitaka kujua neno, hutunga ulizo, naye hupewa mistari inayolitosheleza. Msomaji wa mantiki ataona mara moja kwamba mstari ni kauli ya kukiri. Jedwali hupenda kauli za -li-: "Mtoto huyu alichanjwa tarehe 8 Aprili 2025." Kauli ya hu- hailikai vizuri, na ndipo shida inapoanzia.

Umatengo ni nchi ya milima, na vitongoji vyake vimekaa migongoni mwa vilima huku zahanati ikiwa mbali na wengi. Kwa hiyo wauguzi hutoka na sanduku la chanjo na kwenda kuwahudumia akina mama karibu na makwao. Ndiyo huitwa huduma ya mkoba. Katika kituo kimoja cha milimani, ambacho sitakitaja, nilikuta ukutani maneno haya kwa chaki: "Kliniki ya mkoba: Jumanne, kila wiki ya pili." Muuguzi aliyeyaandika alikusudia Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kijana aliyekuwa akitunza kumbukumbu katika kompyuta aliyafahamu kuwa ni Jumanne moja kwa kila majuma mawili, naye akaandika katika jedwali lake: kuanzia 14 Januari 2025, kila siku 14. Sidhani kwamba yupo atakayemlaumu. Maneno "kila wiki ya pili" yanabeba maana zote mbili, na mimi niliyefundishwa isimu miaka mingi ng'ambo nisingeweza kumwambia kwa sarufi tu ni ipi iliyo sawa.

Ajabu ni kwamba kosa lile lilijificha kwa muda wa miezi minne. Chanjo za watoto wachanga katika Tanzania hutolewa wanapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na baadaye katika miezi 9 na miezi 18. Kati ya zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 sharti zipite wiki 4 zisizopungua. Basi kompyuta ilipoulizwa tarehe ya kumwandikia mama katika kadi yake, ilitafuta katika orodha yake tarehe ya kwanza iliyotimiza siku 28. Kutoka 14 Januari iliandika 11 Februari. Kutoka 11 Februari, 11 Machi. Kutoka hapo, 8 Aprili. Msomaji akichukua kalenda ya 2025 ataona kwamba tarehe hizo zote ni Jumanne za pili za miezi yake. Zile tarehe za katikati zisizokuwa na kliniki, kama 28 Januari na 25 Februari, hazikuandikwa katika kadi ya mama yeyote aliyehudhuria tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyekwenda bure. Ilipofika 8 Aprili, kompyuta ikaandika kurudi 6 Mei. Nayo ni Jumanne ya kwanza. Jumanne ya pili ya mwezi ule ilikuwa tarehe 13.

Mama niliyemkuta pale tarehe 6 alikuwa ameacha kazi ya shamba na kupanda kilima akiwa na mtoto mgongoni. Hakukuta mtu. Alinyosha kadi na kunionyesha tarehe, akaniuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwaje?" Nikasoma, tarehe ilikuwa ile ile ya siku ile. Hakukosea kusoma, wala mashine haikukosea kuhesabu.

Turudi sasa kwenye jedwali, tuone kauli ya hu- yaweza kuandikwaje humo.

Njia iliyo nyepesi ni kuzitoa tarehe zote mapema na kuziandika mstari kwa mstari: 14 Januari, 11 Februari, na kuendelea. Kuuliza huwa rahisi, maana tarehe zimekwisha kuwapo. Lakini desturi haina mwisho, nalo jedwali lina mwisho. Itabidi mtu akate mahali fulani, na siku orodha itakapokwisha hakuna atakayeonywa. Tena, ikiamuliwa kwamba kliniki ihamie Alhamisi, mistari mingi itabadilishwa mmoja mmoja. Kubwa kuliko hayo ni kwamba orodha hii imepoteza sababu yake. Mtu akiiona 6 Mei ndani yake hawezi kujua kama ni kosa au ni amri, kwa kuwa kanuni iliyoizaa haikuandikwa popote.

Njia ya pili ni kuiandika kanuni yenyewe katika mstari mmoja, na kuziacha tarehe zitolewe wakati wa kuulizwa. Hivi ndivyo ulivyofanya mkataba wa kimataifa uitwao iCalendar, uliotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2009, ambao kalenda nyingi za simu na kompyuta huufuata. Kanuni huvunjwa katika sehemu zake: marudio ni ya siku, juma, mwezi au mwaka, kipindi ni kila moja, kila mbili, na kadhalika, siku ya juma ni ipi, nafasi yake katika mwezi ni ya ngapi, imeanza lini, na yaisha lini, kama ina mwisho. Katika mpango huu "kila wiki ya pili" haiwezi kuandikwa bila mtu kuchagua. Ama ataandika marudio ya juma, kipindi 2; ama ataandika marudio ya mwezi, kipindi 1, siku Jumanne, nafasi ya 2. Ya kwanza hutoa vikao 26 kwa mwaka, ya pili hutoa 12. Jedwali hutulazimisha kusema kile ambacho sentensi yetu ilikiacha.

Nimesema kwamba sharti kanuni iwe na mwanzo, na hili lafaa kukaziwa kwa kuwa Kiswahili chetu cha kila siku hupenda kulinyamazia. Wamatengo wana kilimo mashuhuri cha ngoro, ambacho mteremko wa mlima huchimbwa mashimo mengi yaliyopangwa kama masega ya nyuki, ili maji ya mvua yatulie humo wala yasichukue udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka majani na kuyapanga, na wanawake huchimba na kuyafukia. Maharage hupandwa kwenye kingo za mashimo kadiri ya mwezi wa Machi, na mahindi hufuata mvua zinaporudi kati ya Novemba na Desemba. Mzunguko mzima huchukua muda wa miaka 2 hivi, ndipo ngoro huchimbwa upya. Basi majirani wawili waweza kuwa na kanuni moja, "ngoro mpya kila mwaka wa pili", na hali mwaka ambao huyu anachimba yule anapumzika. Kanuni zao ni sawa kwa kila neno. Zatofautiana kwa mwanzo tu. Penye kipindi kinachozidi moja, kanuni isiyo na "kuanzia" haina maana yoyote. Naongeza hapo hapo kwamba ngoro hazifuati kalenda kwa kweli bali hufuata mvua, na sipendekezi mtu azitie katika jedwali kwa tarehe. Ila mpanga kliniki angefaa kujua kwamba Machi ni mwezi ambao mama wa Kimatengo mikono yake ina udongo.

Hesabu yetu ya siku nayo ina mitego yake. Kiswahili huhesabu juma kuanzia Jumamosi, ambayo ni mosi, kisha pili, tatu, nne, tano. Halafu yaja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Kwa hiyo juma letu lina siku za tano mbili, Jumatano na Alhamisi, zilizotoka katika hesabu mbili. Mkataba wa kimataifa wa tarehe, uliotolewa kwanza mwaka 1988, huanzia Jumatatu na kuipa namba 1. Zipo programu zinazoipa Jumapili 0, na nyingine zinazoipa 1. Basi Jumanne kwa jina lake ni ya nne, kwa mkataba ni ya 2, na kwa programu nyingine ni ya 3. Mwenye kuunda jedwali na aandike katika maelezo yake ni hesabu ipi aliyoifuata, wala asidhani kwamba jina la siku litamwongoza. Hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania, umelazimika kuwa na aina kadhaa za majuma: lenye kuanza Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili.

"Kila baada ya siku tatu" ni mtego mwingine. Wengine huihesabu siku ya kwanza, wengine hawaihesabu. Mpangilio wa leo, kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo hautusaidii, maana mtondo ni siku ya tatu kwa asiyeihesabu leo, na ya nne kwa anayeihesabu. Nimewauliza wasemaji wa pwani na wa bara, na majibu yao hayakugawanyika kwa mahali; yaligawanyika kwa jambo lililozungumzwa. Katika dawa watu husema hivi, katika zamu za kazi husema vile.

Kuhusu saa nitasema machache. Kliniki ya saa tatu asubuhi huandikwa 09:00 katika mashine, na aandikaye 03:00 amewaita akina mama gizani. Tarehe ya mashine hubadilika saa sita ya usiku, lakini msemaji wa pwani asemapo "usiku wa Ijumaa" aweza kuwa na maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani jioni ya Alhamisi. Na kwa wale wa mwambao wa Ziwa Nyasa kuna neno la zaidi: Malawi na Msumbiji ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa tatu ya Mbamba Bay ni saa mbili ya Nkhata Bay ng'ambo ya maji. Kwa hiyo jambo linalojirudia liandikwe kwa saa ya mahali pake pamoja na jina la mahali penyewe.

Sasa tuulize. Kanuni iliyoandikwa katika mstari mmoja haina tarehe ndani yake, na lugha ya kuulizia majedwali hupenda kuchagua katika vilivyopo kuliko kuumba visivyokuwapo. Dawa ninayoipendelea ni ya kizamani, nayo ni kuweka jedwali la siku: mstari mmoja kwa kila siku ya kalenda, pamoja na safu za siku ya juma, mwezi, na nafasi ya siku hiyo katika mwezi. Jedwali hili si zito kama watu wanavyodhani. Tangu 1 Januari 2020 hata 31 Desemba 2029 ni mistari 3,653 tu. Nafasi hupatikana kwa kuongeza 6 juu ya tarehe, kugawa kwa 7 na kuyatupa masalio. Ndiyo maana Jumanne ya pili huangukia daima kati ya tarehe 8 na 14. Ulizo letu basi lahusisha majedwali mawili: "Nipe kila siku ya Mei 2025 ambayo siku yake ya juma na nafasi yake katika mwezi zalingana na zile za kanuni ya kliniki." Jibu ni mstari mmoja, 13 Mei. Kwa kanuni ya kila siku 14 tungehesabu siku zilizopita tangu mwanzo na kuchagua zile zinazogawanyika kwa 14 bila masalio. Na 6 Mei ingetokea, kwa kuwa ni siku ya 112 baada ya 14 Januari.

Lakini desturi ina mageuko. Tarehe 9 Desemba 2025 ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi, nayo ni Sikukuu ya Uhuru. Tuseme kikao kilisogezwa hadi Alhamisi tarehe 11. Kanuni isiguswe. Liwepo jedwali la tatu, la mageuko, lenye safu tatu: kanuni ipi, tarehe ya asili, na tarehe mpya. Tarehe mpya ikiachwa tupu, kikao kimefutwa. Angalia jinsi tarehe ya asili inavyofanya kazi ya jina. Hata kikihamishwa mara mbili, kikao kile kingali "cha tarehe 9", kama vile watu wasemavyo, "kliniki ya tarehe tisa tuliifanya Alhamisi". Ulizo nalo liwe na uangalifu hapo: mtu akiuliza vikao vya kuanzia 10 hadi 16 Desemba na kuitumia kanuni peke yake, hapati kitu, kwa maana Jumanne ya tarehe 16 ni ya tatu. Sharti atazame pia tarehe mpya zilizoangukia ndani ya siku hizo. Kosa hili nimelikuta katika programu za watu wenye sifa kubwa.

Ziko sikukuu ambazo hazikubali kanuni ya namna hii hata kidogo. Idd hungoja mwezi kuandama, na Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu na kuangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Hizo huandikwa tarehe kwa tarehe, kila mwaka. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hutufundisha kinyume chake: mwaka wa asili wa Kiswahili una siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo "kila mwaka" na "kila siku 365" si maneno mamoja, na yatofautianapo husogea siku 1 kwa kila miaka 4.

Desturi yenyewe ikibadilika, kwa mfano kliniki ikihamia Alhamisi tangu Julai, wengi huufuta mstari wa zamani na kuuandika upya. Nawasihi wasifanye hivyo. Mstari wa zamani upewe tarehe ya mwisho, na mpya ufunguliwe chini yake. Asiyefanya hivyo ameigeuza "ilikuwa ikifanyika" kuwa "hufanyika", na atakayeuliza mwakani mahudhurio ya Aprili ataambiwa kwamba kliniki ilikuwa Alhamisi na akina mama wote walikuja siku isiyo yake. Kadhalika, kilichokwisha kutendeka kiandikwe katika jedwali la nne, la mahudhurio, kwa tarehe yake halisi, wala kisitolewe tena katika kanuni. Yajayo ni mali ya hu-; yaliyopita ni mali ya -li-.

Limebaki lile la kadi ya mama. Tarehe ya kurudi yatoka katika kanuni mbili zilizo tofauti kwa asili. Kanuni ya kliniki imefungwa kwenye kalenda: mama aje au asije, Jumanne ya pili itafika. Kanuni ya chanjo imefungwa kwenye chanjo iliyotangulia: mtoto akichelewa, hesabu ya wiki 4 nayo yaanza upya kutoka siku aliyochanjwa. Kiswahili huzisema zote mbili kwa "kila", na ndiyo sababu huchanganywa. Ulizo lililo sahihi ni hili: chukua tarehe ya chanjo ya mwisho katika mahudhurio, ongeza siku 28, kisha tafuta kikao cha kwanza kisichotangulia siku hiyo, ukiyatazama mageuko. Kwa mtoto aliyechanjwa 8 Aprili, siku 28 zatimia 6 Mei, na kikao cha kwanza tangu hapo ni 13 Mei. Kutoka 13 Mei, zatimia 10 Juni, na siku hiyo hiyo ni Jumanne ya pili.

Niliporudi katika kituo kile, maneno ya ukutani yalikuwa yamefutwa na kuandikwa mengine: "Jumanne ya pili ya kila mwezi", na chini yake tarehe za miezi mitatu iliyofuata, kwa chaki. Muuguzi alinieleza kwamba tarehe zile huzibadilisha mwenyewe, na kwamba yule kijana wa kompyuta huja kuzisoma kabla hajachapa kadi.